Viatu vya Breki Chini ya Ndama

Nangara, Babati

Petro, ndugu yangu,

Tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizia afya ya anayeandikiwa, kisha mwandishi anaeleza yake. Swali la kwanza nitaliruka. La pili nalijibu kwa ukweli: magoti yananiuma, kiganja cha kulia kina jeraha la bisibisi, na nimekukasirikia. Nimekukasirikia kiasi kwamba juzi nilipita kaburini kwako bila kusimama. Naandika sasa, hasira ikiwa bado mbichi, kwa sababu najijua. Mvua zikinyesha nitaanza kukusamehe, na mtu akishasamehe hasimulii mambo sawasawa.

Habari yenyewe ni kwamba breki za nyuma za Landrova nimezifunga upya. Nimezifunga hapo hapo uani kwako, kando ya ghala la mahindi, kwa mikono yangu na kwa mguu wa mkeo. Viatu vya breki ni vile vipya. Ndiyo, Petro. Vile.

Nianze nyuma kidogo.

Asubuhi ile ulipokuwa unapanda mlima kwenda kuchukua maharage kwa wajomba zako, nilisimama mbele ya gari nikakuzuia. Unakumbuka. Gurudumu la nyuma la kushoto halikuwa na breki kabisa. Silinda yake ilikuwa inavuja, mafuta ya breki hayakuwepo Babati nzima, na mimi na wewe tulikuwa tumeibana paipu yake kwa nyundo ili yaliyobaki yasimwagike. La kulia lilikuwa na breki ya jina tu. Ukikanyaga lilipiga kelele za nguruwe anayeshikwa, chuma juu ya chuma. Nikakuambia, "Gari hili lisipande mlimani mpaka tupate viatu vya breki." Ukacheka, ukanipiga bega. "Mzee Alberto, gia ya kwanza ndiyo breki ya maskini." Ukaondoka.

Ulipokuwa unashuka, gia ikachomoka. Tumeyajua hayo kwa yule mama uliyempa lifti, ambaye mkono wake sasa umepona. Anasema ulikanyaga, ukakanyaga tena, ukajaribu kuirudisha gia ikakataa, kisha ukanyoosha mkono ukamfungulia mlango na kumwambia, "Ruka, mama," kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba abiria amefika kwake. Halafu kwenye ile kona ya mawe mekundu ukaligongesha gari kwenye ukuta wa mlima, upande wa ndani, lisiende korongoni. Ulifanya sawasawa. Gari lilisimama. Magunia ya maharage nyuma yako hayakusimama, na gari la turubai halina kitu cha kuyazuia.

Siku ya pili Landrova ilirudi Nangara ikivutwa na jozi mbili za ng'ombe. Bampa limejikunja, taa moja imekwenda, rejeta imebaki nzima. Fundi wa mjini alikuja akaiangalia akiwa barabarani, akasema, "Injini haina neno," akapanda baiskeli yake. Hakuigusa.

Unajua kwa nini hakuigusa. Desturi hiyo ya kwenu nimeisikia miaka mingi, ila sikuwahi kuishi jirani nayo hivi. Nyumba iliyofiwa inatengwa, mnaiita metimani. Padri anaisema vibaya kila anapopata nafasi, watu wanaitikia Amina, halafu wanarudi nyumbani na kuishika vilevile. Mke wako haendi kwa mtu na hakuna anayeingia kwake. Hachoti maji wenzake wakiwa kisimani. Moto hauombwi kwake, chungu hakiazimwi, na kitu kilichokuwa mle hakitoki mpaka wazee waseme muda umeisha. Si kwamba wanamchukia. Wanasimama nje ya ua wa minyaa, wanamsalimia kwa sauti, wanaweka unga chini, wanarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo naye anatoka kuuchukua. Unga wenyewe ni ule wa njano wa msaada, wa foleni. Nimeona wanawake wakiugawa mara mbili ili fungu lake lipatikane, nao wana watoto. Mahindi ya shamba lako la chini, la kando ya ziwa, viboko wameyamaliza. Hakuna aliyelala huko kuyalinda.

Landrova nayo ilikuwa ndani ya ua. Kwa hiyo nayo ilikuwa imefiwa. Tungeweza kuiacha kuku wakalala humo hadi mambo yatengemae, kama yatatengemaa.

Tatizo lilikuwa Eliza.

Binti yako alikuja kukuzika akiwa na mimba kubwa, na hakurudi kwake. Mumewe yuko machimboni na hakuna ajuaye ni shimo lipi. Basi naye akaingia katika kutengwa pamoja na mama yake. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alivyotolewa kwa kisu, na wewe ndiye uliyempandisha hospitali ya misheni kwa gari hili hili, enzi hizo breki zikiwa breki. Mkunga wa kliniki alikuja mpaka nje ya minyaa. Naye ni mtu wa kwenu, hakuvuka. Akamwambia mkeo kwa sauti iliyofika mpaka barazani kwangu: "Mama Eliza, huyu asisubiri uchungu. Ukimkuta hapa, lile kovu litaachia, na mimi sina cha kumfanyia. Apelekwe juu wiki hii." Akaondoka bila kuaga.

Nani wa kumpeleka? Basi la kupanda huko halijaonekana tangu livunjike ekseli. Wenye malori wawili waliombwa. Wa kwanza alisema hana dizeli, na ni kweli hana. Wa pili alisema dizeli anayo, na watoto pia anao, akainamisha kichwa. Sikumlaumu. Anaogopa anachokiogopa.

Siku iliyofuata mkeo aliniita. Alisimama upande wake wa ua, kitambaa cheusi kichwani, uso umebaki macho tu.

"Shikamoo, Mzee Alberto. Sogea."

Nikasogea mpaka kwenye minyaa.

"Ingia."

Nikasita. Mzee Margwe, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa anapita na mbuzi wake, naye akasimama. Nikamtazama kama mtu anayeomba ruhusa, maana ndiye mwenye chama na ndiye mwenye mila, vyote viwili viko katika kofia moja. Akatema mate pembeni.

"Wewe ingia tu," akasema. "Wewe huna ukoo hapa. Hakuna cha kukushika."

Alisema kwa wema, Petro. Alitaka kunisaidia. Lakini wewe unajua neno hilo lilipita wapi kabla ya kutua. Nilivuka Ruvuma nikiwa kijana, nikikimbia kazi za shuruti za Mreno. Nilikata mkonge Tanga. Nikajifunza kusoma kwa taa ya mafuta ya wenzangu, nikawa karani wa stoo ya karakana, nikahamishwa huku na huku na vitabu vyangu kwenye sanduku la spea, mpaka nikafika Babati nikasema, hapa basi. Nimekaa hapa kuliko nilivyowahi kukaa mahali pengine popote. Kwetu vita vimewaka tena, na wanaolijua jina la baba yangu, kama wapo, sijui wamelala wapi leo. Naye Margwe, ambaye nimemwandikia barua zake zote za wilayani, anasema huna ukoo hapa.

Nikaingia.

Mkeo hakunikaribisha kiti. Alisema, "Viatu vipo."

Nikauliza viatu gani.

"Vya gari. Vya nyuma. Vipya." Akaonyesha kwa kidevu ndani ya nyumba, upande wanakolala ndama.

Nilidhani msiba umemchanganya. Akachukua jembe, akamwondoa ndama, akafagia mbolea, akaanza kuchimba mwenyewe. Nikampokea. Hatukuchimba sana. Kilichotoka kwanza kilikuwa koti la mvua, na nikalijua kabla sijalikunjua. Koti langu la karakana, nililokupa mwaka ule wa mafuriko! Ukaniambia limeibwa mnadani, nami nikakutania miezi mingi, nikakuita mtu wa kuibiwa koti akiwa amelivaa. Ukawa unacheka na kukubali. Ndani ya koti kulikuwa na gunia, ndani ya gunia karatasi yenye grisi, na ndani ya karatasi viatu vinne vya breki, jozi kwa kila gurudumu la nyuma, havijawahi kuguswa na vumbi. Rangi yake bado ilikuwa inang'aa.

Nilikaa chini, kwenye mbolea, nikavipakata.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya msako."

Msako, Petro, ule wa walanguzi na bidhaa za magendo. Sote tunaukumbuka. Mwenye sabuni aliitupa, mwenye vitenge alivichoma, na asubuhi moja maji ya ziwa upande wetu yalikuwa na povu jeupe mpaka kwenye matete, watoto wakaingia kufua nguo bila kuuliza. Mtu alikuwa anaogopa kitu chake mwenyewe kuliko anavyomwogopa mwizi. Mkeo anasema ulikuwa umevitoa Arusha, kwa mtu aliyevivusha mpakani toka Kenya, bila risiti, maana risiti ya kitu cha namna hiyo haipo. Ukaogopa ukavifukia. Hilo nalielewa. Wengi walifukia. Lakini msako ulipoa, watu wakaanza tena kuvaa vitenge, nawe ukaendelea kushuka mlima kwa gia ya kwanza huku breki zako zikikanyagwa na ndama.

Nikamwambia mkeo hivyo hivyo. Akasema, "Kwake haukupoa. Alisema akivifunga, watu wataona gari linasimama, watauliza limesimamaje."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Limesimamaje. Tumefika mahali ambapo gari bovu halina maswali, na gari zima linahitaji maelezo.

Kisha nikauliza swali ambalo afadhali ningeliacha. "Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi?"

Mkeo alikuwa anamrudisha ndama mahali pake. Hakugeuka.

"Baba Eliza alisema, 'Mimi wakinikuta navyo watanifunga, nitatoka. Mzee Alberto ni mgeni. Wakigundua alikuwa anajua watamrudisha kwao, na kwao kunaungua.'"

Basi ndiyo hasira yangu hiyo. Si ya viatu. Ulitembea na chuma kitupu kwenye mteremko ule ili mimi nisije nikahojiwa. Nani alikutuma? Uliniuliza? Ningekuambia kwamba mimi nimeshakimbia mara moja na najua njia. Ningekuambia tuvipake matope na masizi, tuvikwaruze kwa msasa, tuseme tumeviokota kwenye Landrova iliyokufa. Uongo wa fundi huo, wa dakika mbili. Nimefanya kazi stoo; najua jinsi kitu kipya kinavyozeeshwa. Hukuniuliza kwa sababu ulikuwa unanilinda, na mtu anayelindwa haambiwi kitu.

Lakini Eliza alikuwa amelala chumba cha pili, nikamsikia anapumua kwa shida akijigeuza. Nikatoka kutafuta jeki.

Sasa kazi, kwa sababu najua ungependa kusikia kazi.

Mafuta ya breki nilikwenda kuyaomba kwa Bwana Salimu, mwenye duka karibu na msikiti. Alikuwa amekaa mbele ya rafu zake. Chumvi, kiberiti, na picha ya Maka. "Mzee Alberto, karibu uchague," akasema. "Chumvi ipo kushoto, kiberiti kulia. Katikati ni hewa safi, hiyo ni bure." Nikamweleza. Utani ukamtoka usoni. Aliingia nyuma akatoka na kopo ambalo halikujaa, alilokuwa amelihifadhia lori lake, na akaniruhusu nikate paipu ya shaba kwenye mzoga wa lori lingine uani kwake. "Petro alimbeba mama yangu akiwa mgonjwa," akasema. "Akamshusha mlangoni kabisa, hakumshusha njia panda. Chukua." Akaniita tena nikiwa nimeshafika mlangoni. "Mzee, upande ule mteremko si wa kujaribia." Nikamwambia najua.

Nilianza asubuhi iliyofuata. Niliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikainua upande wa kulia, nikaingiza gogo chini ya ekseli gari lisiniangukie, maana jeki yako siiamini na wewe hukuiamini. Nati nikazitia kwenye kofia yako. Ilikuwa bado imening'inia kwenye usukani, Petro, hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilipuliza kila nati, kama ulivyokuwa unapuliza, utadhani uji wa moto.

Ngoma ya breki ilikataa kutoka. Nikailegeza, nikaigonga kwa ubao huku nikiizungusha, mpaka ikaachia. Ndani nikaona nilichokuwa nimekisikia. Viatu vya kulia vilikuwa vimekwisha hadi kwenye ribiti, na ribiti zenyewe zimekwisha, zimechora mifereji kwenye ngoma kama jembe la ng'ombe. Nikahamia kushoto. Vile vya kushoto vilikuwa na nyama ya kutosha. Havikuwa vinafanya kazi, ndiyo maana vilipona. Niliviweka chini sambamba na vya kulia nikavitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Raba za silinda zilikuwa zimevimba kidogo lakini hazijapasuka. Hakuna nyingine, kwa hiyo zilipaswa kuoshwa kwa spiriti, na spiriti hakuna. Mzee Margwe alikuwa amesimama nje ya minyaa tangu asubuhi, anachunga mbuzi ambao walikuwa wameshaondoka. "Unatafuta nini?" akauliza. Nikamwambia, kitu kikali kisicho na mafuta. Akatoweka. Aliporudi aliweka chupa chini, akarudi nyuma kama desturi inavyotaka, akasema, "Balozi hajui kitu hicho kimetoka wapi." Ilikuwa gongo, safi kama machozi. Nikaosha raba zote. "Ee," akasema kutoka kule, "msiba mzima tumekaa na midomo mikavu, leo gari linakunywa." Mkeo, aliyekuwa kwenye ngazi ya ghala, alicheka. Mara moja tu, kisha akajifunika uso. Nadhani ilimshtua.

Springi ndizo zilizonitoa damu. Moja nilitaka kuivuta kwa bisibisi, ikateleza, ikaingia kiganjani. Nikiwa nimeshika jeraha nikakumbuka namna yako: kitanzi cha kamba ya katani, unakivisha kwenye ndoano ya springi, unavuta kwa mwili mzima huku mguu uko kwenye tairi, inaingia yenyewe bila ugomvi. Mimi ndiye niliyetoka kwenye mkonge, na wewe wa mlimani ndiye uliyegundua matumizi ya kamba yake. Nikasokota kamba. Springi zote zikaingia. Viatu vipya vilikuwa vinene mpaka ngoma ikakataa kupita, nikarudisha marekebisho yote nyuma, nikasugua mifereji kwa msasa, na mwishowe ikapita. Nilipoizungusha ikatoa mlio mdogo wa kukwaruza, mlio mzuri. Nikafunga paipu mpya mahali pa ile tuliyoibana.

Ikabaki kutoa upepo. Hapo unajua hapafanywi na mtu mmoja. Mmoja akae kwenye kiti akanyage, mwingine alale chini afungue ile nati ndogo hewa itoke. Nilimtazama Margwe. Akatazama mbuzi wasiokuwepo. Eliza asingeweza.

"Nitakaa mimi," mkeo akasema.

Alipanda. Hakuwahi kukaa upande ule wa gari maisha yake yote. Kiti tulikuwa tumekiosha, lakini unajua kiti hakioshwi. Aliweka mikono magotini, hakuugusa usukani.

"Kanyaga, Mama Eliza."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nikafungua, mapovu yakatoka, nikafunga. "Achia. Kanyaga tena."

"Inazama, Mzee. Inazama mpaka chini."

"Ni upepo. Itakuja."

Tukaendelea. Kanyaga, shikilia, achia. Nilikuwa nimelala mgongoni chini ya gari naona ndala yake tu, inapanda na kushuka. Wakati fulani sauti yake ikabadilika. "Ndivyo alivyoikuta siku ile? Inazama hivi?" Nikasema kanyaga. Akakanyaga. Mapovu yakapungua, mafuta yakaanza kutoka mazima, na mara pedeli ikagoma. Nilisikia kwa mguu wake kabla hajasema.

"Imegoma. Imekuwa jiwe."

"Ikanyage kwa nguvu zako zote."

Aliikanyaga. Gari zima lilitikisika. Aliendelea kuikanyaga, na alikuwa analia kwa sauti sasa, analitaja jina lako la ukoo, na pedeli haikuzama. Nikabaki chini ya gari mpaka alipomaliza. Si kila mahali mtu anatakiwa kutokeza.

Kesho yake tulimpandisha Eliza, nyuma, juu ya godoro, petroli ikiwa ile uliyoiacha kwenye dumu. Mama yake alikaa naye. Nilipanda kwa uangalifu wa mzee. Hospitalini hakuna aliyetuuliza habari za metimani. Walituuliza kama tumekuja na shuka na taa, maana hawana. Walimpasua siku hiyo hiyo. Mtoto ni wa kike, mdogo, analia vizuri. Eliza alipata homa na dawa ni za kutafuta. Nilipoondoka ilikuwa imeanza kushuka. Zaidi ya hapo sijui, na sitakuandikia nisichokijua.

Nilishuka peke yangu, bila mzigo, ili nirudi na mahitaji yao.

Kabla ya kona ya mawe mekundu niliitoa gia makusudi. Usinigombeze. Nilitaka kujua. Gari likashika kasi, upepo ukaingia kwenye turubai, nikaona ule ukuta wa mlima na ile alama ya bampa lako juu ya jiwe, bado nyeupe. Nikakanyaga. Halikulia, halikuyumba. Lilisimama, Petro, hapo hapo kwenye mteremko, kabla ya alama, na likabaki limesimama. Niliweka kichwa kwenye usukani.

Zinashika. Ndilo jambo ninaloshindwa kulibeba. Kama zingekuwa mbovu, kama aliyekuuzia angekuwa tapeli, ningepata mtu wa kumlaumu na wewe ungekuwa umekufa kwa umaskini wetu wote. Ni nzuri kabisa. Zilikuwa nzuri chini ya ndama siku ile ulipomwambia yule mama aruke.

Nilipofika Nangara, Mzee Margwe alikuwa nje ya minyaa. Nikamweleza habari za mtoto, akashukuru Mungu. Nikanyoosha mkono kumsalimia. Akarudi nyuma.

"Hapana, Mzee," akasema taratibu. "Sasa na wewe umo."

"Ulisema sina ukoo."

"Nilisema. Lakini umeingia, umechimba, umekalia kiti chake, umembeba binti yake. Sasa unataka uwe nini zaidi?" Akaniambia moto wangu niuwashe mwenyewe, na maji nichote watu wakishatoka, mpaka wazee waseme. Asubuhi nilikuta unga wa njano umewekwa nje ya mlango wangu, na mtu amesimama mbali, anangoja nitoke.

Sasa naishi hivyo. Barazani hakuji mtu. Barua za wilayani zimesimama, maana hata kalamu yangu haiazimwi. Ni upweke mkali, sitakudanganya. Lakini tangu nivuke ule mto sikuwahi kuwa na wafu wangu mahali popote. Nilikuwa mtu wa kuhudhuria misiba ya wengine na kurudi nyumbani kunawa mikono. Sasa nimekatazwa moto pamoja na mkeo na mwanao, kwa ajili yako, na hakuna mtu hapa Nangara anayeniuliza kwa nini.

Kwa hiyo nakuahidi haya. Homa ikimwachia Eliza nitawashusha wote watatu, taratibu, na kwenye ile kona nitasimamisha gari ili mkeo aone kwamba linasimama. Wakiniuliza limesimamaje, nitasema: kwa viatu alivyonunua Petro. Nitalitaja jina lako kwa sauti, na wanirudishe wanakotaka. Koti langu nimelifua. Silirudishi kwako, nalivaa. Na kesho nikipanda na mahitaji yao, nikipita kaburini kwako, kwa hasira au pasipo hasira, nitasimama.

Lala, ndugu yangu. Gogo liko chini ya ekseli.

Ni mimi wako,
Alberto